Fenoksiethanoli katika losheni: namna inavyofanya kazi na namna ya kuitumia kwa usalama

Losheni ni maji na mafuta yaliyounganishwa, na palipo na maji, mafuta na vidole vya watu, bakteria na kuvu hawachelewi kufika. Kopo likifunguliwa asubuhi, likachotwa kwa kidole, kisha likarudishwa juu ya kabati la bafuni katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, limekwisha kupata kila kitu ambacho kijidudu anakihitaji ili azaliane. Ndiyo sababu karibu kila losheni ya dukani ina kihifadhi, na kimojawapo kinachokutwa mara nyingi sana siku hizi ni fenoksiethanoli, ambayo katika orodha ya viambato huandikwa Phenoxyethanol. Mwongozo huu umeandikwa kwanza kwa ajili ya anayetengeneza losheni nyumbani au kwa biashara ndogo, na pili kwa ajili ya mnunuzi anayetaka kujua anachojipaka. Msimamo wangu ni huu: losheni yenye maji isiyo na kihifadhi ni ya hatari zaidi kuliko losheni yenye fenoksiethanoli iliyopimwa kwa usahihi, na anayekataa kupima asitengeneze losheni za kuuza.

Fenoksiethanoli ni kimiminika kisicho na rangi, kizito kidogo kuliko maji, chenye unyevu wa mafuta kidogo kinapoguswa kwa glavu, na harufu hafifu inayokaribia ya waridi. Hutengenezwa viwandani kwa kuunganisha fenoli na oksidi ya ethilini. Kwa kuwa mojawapo ya malighafi hizo ikibaki ndani ya bidhaa inaweza kuleta madhara yake yenyewe, ni muhimu kununua ile ya daraja la vipodozi, kutoka kwa muuzaji anayetoa cheti cha uchambuzi wa kila toleo, na si ile inayogawiwa kwenye chupa za maji ya kunywa bila lebo.

Kazi yake huanzia kwenye utando wa seli ya kijidudu. Utando huo ndio unaotenganisha ndani na nje, na kijidudu huishi kwa kutunza tofauti kati ya pande hizo mbili: potasiamu nyingi hubaki ndani, na protoni husukumwa nje ili zinaporudi zizalishe nishati. Fenoksiethanoli inapojipenyeza katika utando, hufanya utando huo uvuje. Potasiamu hutoka, protoni huingia bila kufanya kazi yoyote, na seli hulazimika kutumia nguvu zake kusukuma nje kile kinachorudi tena papo hapo. Juu ya hayo, dawa hii huzuia baadhi ya vimeng'enya vinavyohusika na uzalishaji wa nishati, na huchelewesha utengenezaji wa DNA na RNA, kwa hiyo hata seli ambayo bado haijafa hushindwa kugawanyika. Hakuna shambulio moja kubwa hapa. Ni udhaifu kadhaa unaoletwa kwa pamoja, na ndiyo maana wingi wa dawa ni jambo la msingi. Ikiwa kidogo mno, vijidudu hupunguza kasi tu, halafu huendelea.

Nguvu yake kubwa iko dhidi ya bakteria wa kundi linaloitwa Gramu-hasi (wenye utando wa ziada wa nje), hasa Pseudomonas aeruginosa, ambaye hukaa kwenye mabomba, masinki na sponji zenye maji, na ambaye anaweza kuleta maambukizi mabaya ya jicho na ya vidonda. Huyu ndiye adui mkuu wa mtengenezaji wa losheni, kwa kuwa huja na maji yenyewe. Dhidi ya hamira na ukungu, fenoksiethanoli ni dhaifu zaidi, na hapa ndipo watengenezaji wengi wapya hukosea: huiweka peke yake, losheni hukaa vizuri kwa wiki kadhaa, kisha madoa ya kijani au meusi hutokea chini ya kifuniko, mahali ambapo mvuke hujikusanya na kuwa matone ya maji yasiyo na kihifadhi cha kutosha. Dawa ya tatizo hili si kuongeza kipimo, bali ni kuipatia msaidizi. Mchanganyiko unaouzwa sana ni wa sehemu tisa za fenoksiethanoli na sehemu moja ya ethilheksiligliserini, kiambato ambacho hulegeza utando wa vijidudu na kuirahisishia fenoksiethanoli kazi yake. Wengine huiambatanisha na sorbati ya potasiamu, ambayo ni nzuri dhidi ya kuvu, lakini sorbati huhitaji losheni yenye asidi kidogo, pH (kipimo cha uasidi) isiyozidi takriban 5.5, ilhali fenoksiethanoli haibagui pH kwa kiasi hicho na hufanya kazi hata kwenye sabuni za maji zenye pH ya juu.

Sasa kuhusu kipimo. Umoja wa Ulaya unaruhusu fenoksiethanoli isiyozidi asilimia 1 ya bidhaa iliyokamilika, na mwaka 2016 kamati yake ya kisayansi ya usalama wa walaji ilipitia upya ushahidi uliokuwepo na kuthibitisha kwamba kiwango hicho ni salama kwa watu wa rika zote. Asilimia hiyo huhesabiwa kwa uzito wa bidhaa nzima, yaani maji, mafuta, nta na kihifadhi chenyewe kwa pamoja, wala si kwa uzito wa maji peke yake. Tuchukue toleo la gramu 500: maji yaliyokenekwa gramu 370, gliserini gramu 15, mafuta ya ufuta au ya nazi pamoja na siagi ya shea gramu 85, nta ya kuunganisha maji na mafuta gramu 25, na mchanganyiko wa tisa kwa moja gramu 5. Ndani ya hizo gramu 5 kuna gramu 4.5 za fenoksiethanoli, sawa na asilimia 0.9, na nusu gramu ya ethilheksiligliserini. Uko ndani ya kikomo, na umebaki na nafasi ndogo ya makosa.

Usipime kwa kijiko. Kijiko cha chai hubeba mililita 5, na kwa kuwa mililita moja ya fenoksiethanoli ina uzito wa takriban gramu 1.1, kijiko kimoja kilichojaa ni gramu 5.5; ukitia kijiko hicho cha fenoksiethanoli tupu katika toleo la gramu 500 la losheni, umekwisha kuvuka kikomo kabla hata mkono haujatetemeka. Usipime kwa matone pia, maana tone la pipeti ya kioo na tone la chupa ya plastiki si sawa. Unahitaji mizani ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, ambayo bei yake ni ndogo ukiilinganisha na toleo moja la losheni lililoharibika. Pima kihifadhi kwenye kibakuli kidogo cha kioo, si cha plastiki laini, na ukimaliza kukimimina chota losheni kidogo, isugue ndani ya kibakuli hicho na uirudishe chunguni, kwa sababu kile kinachobaki kwenye kuta za chombo kidogo ni sehemu kubwa ya gramu 5.

Utaratibu wa kutengeneza uko hivi. Futa meza, bika, kipimajoto na blenda ya mkono kwa spiriti ya asilimia 70, uviache vikauke vyenyewe bila kuvipangusa kwa kitambaa. Vaa glavu na miwani ya kinga, kwa maana fenoksiethanoli isiyochanganywa huwasha macho vibaya sana. Ikikurukia jichoni, lioshe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali. Pasha sehemu ya maji na sehemu ya mafuta katika vyombo viwili hadi nyuzi 75 hivi, uzishikilie hapo kwa dakika 20, kisha mimina mafuta kwenye maji huku ukichanganya. Wakati wa kupasha, maji hupungua kwa mvuke, na watu wengi hulisahau jambo hili: ukipoteza gramu 30 za maji kwenye toleo la gramu 500, gramu 5 za kihifadhi sasa zimo katika gramu 470, na aliyekusudia asilimia 1 kamili ya fenoksiethanoli tupu amefika asilimia 1.06. Kwa hiyo pima uzito wa chungu kabla na baada, na urudishe maji yaliyopotea, yakiwa yamechemshwa, kabla ya kuweka kihifadhi.

Losheni ikishuka chini ya nyuzi 45, ndipo kihifadhi kinapoingia. Si kwamba joto la jikoni litaiua fenoksiethanoli, kwa kuwa huchemka kwenye nyuzi 247 na huvumilia joto la kutengenezea losheni. Ni kwamba hakuna sababu ya kuipulizia mvuke wake usoni mwako, na viambato vingine vinavyowekwa wakati huohuo, kama manukato na vitamini, ndivyo visivyopenda joto. Koroga kwa dakika kadhaa, ukifika hadi chini ya chombo. Ukitengeneza toni (maji mepesi ya kupangusia uso) ya maji ya waridi badala ya losheni, utaliona tatizo kwa macho: matone ya fenoksiethanoli huzama na kukaa chini ya bika, yakimetameta, kwa kuwa ni mazito kuliko maji na huyeyuka polepole. Katika nyuzi joto za kawaida maji hupokea takriban asilimia 2.4 tu, kwa hiyo asilimia 1 huyeyuka, lakini kwa kukorogwa kwa subira. Ni rahisi zaidi kuichanganya kwanza na gliserini ya toni hiyo, ndipo uitie kwenye maji. Usipaki kamwe chupa ambayo matone bado yanaonekana chini yake. Wa mwisho kuitumia atajipaka kihifadhi kisichochanganywa.

Maji yanastahili kutajwa peke yake. Visima vingi vya mwambao hutoa maji ya chumvi na magumu, na kalsiamu na magnesiamu zilizomo huimarisha utando wa nje wa bakteria wa Gramu-hasi, yaani wale wale ambao fenoksiethanoli inakusudiwa kuwaangamiza. Tumia maji yaliyokenekwa, yaliyonunuliwa kwa muuzaji wa vifaa vya maabara au duka la dawa. Wapo wanaonunua maji ya betri gereji kwa sababu ni rahisi kuyapata. Nawasihi waache, kwa kuwa chupa ya maji ya betri na chupa ya asidi ya betri huuzwa kaunta moja na hufanana. Anayeweza kupata EDTA ya daraja la vipodozi aongeze asilimia 0.1 kwenye sehemu ya maji. Hushika kalsiamu na magnesiamu zilizosalia na kukiwezesha kihifadhi kufanya kazi yake.

Jambo lingine linaloidhoofisha fenoksiethanoli ni losheni yenyewe. Kwa kuwa hupenda mafuta pia, sehemu yake hukimbilia kwenye mafuta, ambako hakuna vijidudu wa kuua, na ikibaki kidogo kwenye maji ulinzi hupungua. Krimu nzito zenye siagi nyingi, na toni zenye polisobati nyingi, kiambato cha kuyeyushia mafuta kwenye maji, ambacho huifungia ndani ya vifuko vidogo, zote zinahitaji msaidizi wenye nguvu zaidi. Lakini hakuna kinachoishinda kwa urahisi kama jeli mbichi ya mshubiri. Jani lililokatwa bustanini, hata likioshwa, huja na bakteria na kuvu kwa wingi pamoja na sukari na nyuzinyuzi za kuwalisha, na kihifadhi cha asilimia 1 hutumika chote kupambana na kile kilichoingia badala ya kuzuia kitakachokuja. Anayependa mshubiri mbichi autumie siku hiyo au auweke kwenye friji kwa siku chache, kwa matumizi yake mwenyewe. Kwenye losheni ya kuuza tumia unga wa mshubiri au jeli iliyokwisha kuhifadhiwa kiwandani. Hali ni hiyo hiyo kwa juisi ya tango, maziwa, uji wa mchele na asali iliyotiwa maji.

Hapa niseme wazi kuhusu vitu vinavyouzwa kama vihifadhi vya asili. Vitamini E si kihifadhi. Huchelewesha mafuta kuchacha, kazi ambayo ni muhimu, lakini bakteria haiwagusi. Mafuta ya karafuu, mchaichai na mti wa chai yana uwezo fulani dhidi ya vijidudu, ila kiasi kinachohitajika kuilinda losheni kwa miezi hukaribia au huzidi kiasi kinachowasha ngozi, na mafuta ya karafuu yanajulikana kusababisha mzio. Asali hujilinda yenyewe kwa sababu ina maji machache sana. Ukishaitia kwenye losheni umeondoa kinga hiyo. Anayekataa kabisa vihifadhi ana njia moja ya heshima, nayo ni kutengeneza bidhaa isiyo na tone la maji: siagi ya shea tupu, mafuta ya nazi yaliyokaushwa vizuri, zeri ya nta ya nyuki. Hizo hazihitaji fenoksiethanoli, mradi mtumiaji asizichote kwa vidole vilivyolowa.

Tuje kwenye usalama wa mwili. Fenoksiethanoli inayopenya ngozi hubadilishwa na mwili, hasa na ini, kuwa asidi ya fenoksiasetiki, nayo hutoka kwa mkojo, kwa sehemu kubwa ndani ya siku moja. Haijikusanyi katika mafuta ya mwili mwaka hadi mwaka. Mzio wake upo lakini ni nadra, na ni nadra zaidi kuliko mzio wa methilisothiazolinoni, kihifadhi kilicholeta vipele kwa watu wengi hata Umoja wa Ulaya ukakiondoa kabisa kwenye losheni za kubaki mwilini mwaka 2017. Mwenye ngozi yenye ukurutu au historia ya mzio apake losheni mpya kidogo upande wa ndani wa kiwiko, mara mbili kwa siku kwa wiki moja, kabla ya kuipaka usoni.

Madhara yanayojulikana hutokea pale ambapo kiasi ni kikubwa au njia ya kuingia si ngozi yenye afya. Wafanyakazi waliotumia fenoksiethanoli kuwalaza samaki usingizi, wakiwa wametumbukiza mikono kwenye maji yenye dawa hiyo mara kwa mara, waliwahi kuripotiwa kupata matatizo ya neva. Mwaka 2008 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya akina mama wasitumie krimu moja ya chuchu iliyokuwa na fenoksiethanoli na klorofenesini (kihifadhi kingine), kwa kuwa mtoto anayenyonya angeimeza, na kwa mtoto mchanga inaweza kuleta kutapika, kuharisha na kulegea kwa mfumo wa neva. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Ufaransa nayo ilipendekeza kipimo kisichozidi asilimia 0.4 kwa bidhaa za watoto walio chini ya miaka mitatu na isitumike kabisa sehemu inayofunikwa na nepi. Kamati ya Ulaya, kama nilivyoeleza, haikuona haja ya kwenda mbali hivyo. Kwa upande wangu naufuata ushauri wa Ufaransa bila kusita, kwa sababu mbadala upo na ni rahisi: makalio ya mtoto yanalindwa vizuri na vaselini au krimu ya zinki isiyo na maji, na chuchu ya mama anayenyonyesha inatosheka na lanolini safi au maziwa yake mwenyewe. Mama asiache losheni ya mikono na miguu kwa hofu hiyo; aepuke tu kuipaka kifuani kabla ya kunyonyesha.

Mnunuzi anaweza kupata mengi kutoka kwenye orodha ya viambato. Sheria ya uandishi wa lebo ni kwamba viambato hupangwa kuanzia kingi hadi kidogo, ila vile vilivyo chini ya asilimia 1 huweza kupangwa kwa mpangilio wowote baada ya vingine, na rangi huwekwa mwisho. Kwa kuwa fenoksiethanoli haipaswi kuzidi asilimia 1, kila kiambato kinachofuata baada yake, rangi ukiziacha, kiko kwenye asilimia 1 au chini. Losheni inayojitangaza kwa maandishi makubwa kuwa ni ya mafuta ya lozi au ya parachichi, huku mafuta hayo yakitajwa baada ya Phenoxyethanol, ina kiasi kidogo sana cha hicho inachokitangaza. Na ukiona Phenoxyethanol nafasi ya pili au ya tatu, mbele ya gliserini na mafuta, ama lebo imeandikwa ovyo ama kipimo kimevukwa. Kwa vyovyote vile, iache dukani. Alama ya kopo lililofunguliwa yenye 6M au 12M ni miezi ya kutumia tangu siku ya kufungua, na kihifadhi kimekadiriwa kwa muda huo.

Maandishi ya "bila parabeni", yaani bila vihifadhi vya familia ya parabeni, nayo yasikupe amani wala hofu. Utafiti wa Philippa Darbre na wenzake wa Uingereza wa mwaka 2004 ulikuta parabeni katika sampuli 20 za uvimbe wa matiti, lakini haukulinganisha na tishu zenye afya wala haukuthibitisha kwamba parabeni ndizo chanzo. Baadaye, mwaka 2014, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku parabeni tano na kuziruhusu nyingine, ikiwemo methiliparabeni, kwa kipimo. Soko halikusubiri, likahamia kwenye fenoksiethanoli. Kwa mwenye ngozi ya Afrika Mashariki, nguvu za kuchunguza lebo zielekezwe zaidi kwenye zebaki na haidrokwinoni za krimu za kujichubua, ambazo madhara yake kwa figo na ngozi tunayaona kwa macho.

Anayetaka kuuza ana wajibu wa ziada. Tanzania, usajili wa vipodozi uko mikononi mwa Shirika la Viwango (TBS) tangu mwaka 2019. Kenya, viwango vinasimamiwa na shirika la viwango la nchi hiyo, KEBS. Na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinatumia kiwango chao cha EAS 377, chenye orodha ya vihifadhi vinavyoruhusiwa. Kabla ya kusajili, peleka sampuli maabara. Kipimo cha kwanza ni hesabu ya vijidudu, ambapo kiwango cha kimataifa hakiruhusu zaidi ya vijidudu 1,000 kwa gramu katika bidhaa za kawaida, na 100 kwa zile za watoto chini ya miaka mitatu na za kuzunguka macho. Kipimo cha pili, ambacho ndicho cha maana zaidi, ni kile ambacho maabara hutia bakteria na kuvu ndani ya losheni kwa makusudi na kufuatilia kwa siku 28 kuona kama kihifadhi kinawamaliza. Kipimo hiki ni ghali, lakini hakuna njia ya jikoni inayoweza kuchukua nafasi yake. Losheni inaweza kuwa na mamilioni ya bakteria kwa gramu bila kubadilika rangi, harufu wala ulaini.

Kwa kila toleo, andika tarehe, namba ya toleo la kihifadhi, uzito wa kila kiambato kama ulivyosomeka kwenye mizani, na pH ya mwisho, kisha bakisha chupa mbili: moja kabatini na nyingine mahali penye joto. Zifungue kila mwezi, uangalie chini ya kifuniko na unuse. Ukikuta doa, harufu ya uchachu, au maji yaliyojitenga chini, usiongeze kihifadhi kujaribu kuliokoa toleo hilo, kwa sababu vijidudu waliokwisha kuzoea kipimo kidogo na sumu walizoziacha havitoki kwa njia hiyo. Rudisha chupa zote za namba hiyo kutoka kwa wateja na uzitupe zote.